Wanga uliopandikizwa plastiki: udongo unakula nini hasa?

#1 Kokwa_Tupu

Wakuu, salamu.

Nina hoja, wenye kemia ya polima nisaidieni kuichambua. Hapa maabara tunapandikiza methili akrileti kwenye wanga wa mahindi, yaani tunaotesha minyororo ya plastiki juu ya molekuli za wanga, na kianzishi chetu cha tendo ni chumvi ya seriamu. Unga unaotoka tunauosha, tunaukausha, tunautia glisiroli kidogo ya kuulainisha na kuupitisha kwenye ekstruda, ile mashine inayoyeyusha na kusukuma nje. Unatoka utando unaokunjika vizuri, ukiushika huwezi kujua kwamba karibu nusu yake ni wanga.

Tumefukia vipande kwenye udongo wenye unyevu. Mwanzoni uzito ulishuka kwa kasi hadi tukashangilia. Baadaye ukagoma. Tunafukua, tunaosha, tunapima, mizani inasoma yale yale. Msimamizi anataka tuandike kwamba plastiki hii inaoza. Mimi nasema udongo umekula wanga, ukasusa kilichobaki, nacho ni poli(methili akrileti) yenye matundu. Sasa hapo plastiki imeoza wapi?

Anayenipinga aje na sababu.

#2 mtazamaji88

Nipo siti ya mbele. Wataalamu shukeni.

#3 Fundi Ekstruda

Mkuu Kokwa, kabla hujamsifu au kumlaumu bakteria yeyote, glisiroli umeitoa kwenye hesabu? Ile kitu inayeyuka kwenye maji bila kubembelezwa. Ukifukia utando kwenye udongo mbichi inatoka yenyewe na kwenda zake, hakuna mdudu aliyegusa kitu. Watu wanapima siku za mwanzo, wanaona uzito umeshuka, wanaandika "unaoza haraka", kumbe ni kilainishi kimehama.

Kushuka kwa kasi kisha kugoma ndiyo tabia yake hasa. Loweka vipande vingine kwenye maji yaliyotiwa dawa ya kuua vijidudu, uone vinapoteza kiasi gani bila kuliwa na yeyote.

#4 Kokwa_Tupu

Fundi, glisiroli tuliyoweka ni ndogo kuliko uzito uliopotea. Inaeleza sehemu, haielezi yote. Jaribio la kuloweka naliingiza kwenye ratiba, asante.

#5 Mgeni wa Kemia

Samahani wakuu, mimi ni mtu wa vitabu vya hesabu za biashara, nimeingia humu kwa kuvutwa na kichwa cha habari. Kwa nini mpandikize? Si mchukue unga wa wanga mchanganye na plastiki ya kawaida, biashara iishe?

#6 Bibi Molekuli

Mgeni, karibu. Hilo lilifanyika, tena sana. Miaka ya 1970 Gerald Griffin wa Chuo Kikuu cha Brunel, Uingereza, alichanganya wanga na polietilini. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 mifuko ya namna hiyo ilikuwa sokoni Marekani, wanga wenyewe asilimia chache tu, na matangazo yakidai inaoza.

Shida ni hizi. Molekuli ya wanga imejaa vikundi vya haidroksili, inapenda maji. Polietilini haitaki hata kuyasikia. Ukivichanganya, chembe za wanga zinakaa ndani ya plastiki kama kokoto ndani ya tope, hazishikani na chochote. Ukivuta utando, unachanika pale pale kwenye mpaka wa chembe. Tena chembe zikiwa chache, kila moja imefungiwa ndani ya plastiki peke yake, vimeng'enya vitaifikiaje? Inabidi wanga ukaribie asilimia 30 ya ujazo ndipo chembe zianze kugusana na kufungua njia kutoka juu hadi ndani. Chini ya hapo zinaliwa zile za juu tu, za ndani zinabaki salama.

Kupandikiza kunafanya mnyororo wa plastiki uote kutoka kwenye molekuli ya wanga yenyewe, wameunganishwa kwa kifungo cha kikemia. Hapo mpaka unashika. Ndiyo maana Kokwa anaweza kuweka wanga mwingi na bado akapata utando badala ya biskuti.

#7 Simba wa Retorti

Haya mambo ni ya juzi tu, yameletwa na kelele za mazingira. Zamani wanga ulikuwa wa gundi na kukazia nguo, na dunia ilizunguka.

#8 Mzee wa Flaski

Juzi ya nani, Simba? Mino na Kaizerman walichapisha njia ya seriamu mwaka 1958. Ndiyo hiyo hiyo Kokwa anayoitumia leo.

Miaka ya 1970 kazi ilipamba moto kwenye maabara ya Idara ya Kilimo ya Marekani iliyoko Peoria, Illinois. Ni maabara ile ile iliyosaidia penisilini ianze kuzalishwa kwa wingi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ilianzishwa kutafuta matumizi mapya ya mazao ya ziada ya wakulima, na mahindi yalikuwa tele. Wakapandikiza akrilonitraili kwenye wanga, wakaipika na sodiamu haidroksaidi, wakapata kitu kinachonyonya maji mamia ya mara ya uzito wake. Kikapewa jina la Super Slurper. Mwaka 1978 ikatoka makala ya wanga uliopandikizwa methili akrileti, imepitishwa kwenye ekstruda, na ikaelezwa kwamba kuvu wanauvamia wanga wake. Kwa hiyo Kokwa anauliza swali lenye umri kuliko wengi wetu humu ndani, na bado halijapata jibu la kutosheleza.

#9 mtazamaji88

Hiyo Super Slurper ndiyo ile ya kwenye nepi?

#10 Mzee wa Flaski

Undugu upo. Nepi za leo kwa kawaida zina poliakrileti ya sodiamu, wanga haumo. Na zote mbili ukizipa maji ya chumvi badala ya maji safi uwezo unaporomoka vibaya, maana ayoni za chumvi zinapunguza ile nguvu inayoyavuta maji kuingia ndani. Tusipotee lakini, turudi udongoni.

#11 Bibi Molekuli

Nakubaliana na Kokwa kwa sehemu. Tuangalie tendo lenyewe linavyokwenda.

Seriamu yenye chaji ya nne inaishika glukosi pale kwenye kaboni namba 2 na namba 3, inakata kifungo kati yao na kuacha radikali huru, yaani ncha yenye elektroni isiyo na mwenzake. Monoma, yaani molekuli moja moja za methili akrileti, zinaanza kujipanga kwenye radikali hiyo, mnyororo unarefuka. Mwenye macho anaona rangi ya njano ya seriamu ikififia kadiri inavyotumika. Naitrojeni lazima ipulizwe kabla, kwa sababu oksijeni inazikamata radikali na kazi inakufa kabla ya kuanza.

Sasa, njia hii kwa kawaida inatoa matawi machache lakini marefu mno. Mamia ya glukosi zinaweza kupita bila tawi hata moja, kisha linakuja tawi lenye uzito wa molekuli wa laki kadhaa. Tawi hilo uti wake wa mgongo ni kaboni kwa kaboni, mwanzo hadi mwisho. Vimeng'enya vya udongoni vina ustadi wa kukata esta, amaidi na vifungo vya sukari. Mnyororo wa kaboni tupu wenye urefu ule hauna pa kushikia. Esta zimo kwenye methili akrileti, ndiyo, ila zinaning'inia pembeni. Zikate zote utapata asidi ya poliakriliki, mnyororo upo vile vile.

#12 Daktari wa Udongo

Habari za humu. Mimi si mtu wa polima, ni mtu wa udongo, na naona mnahukumu kesi bila kumsikiliza shahidi mkuu.

Bakteria na kuvu hawaishi kwa kaboni peke yake. Wanga hauna naitrojeni. Methili akrileti haina naitrojeni. Ukifukia vipande kwenye udongo maskini, vijidudu vinashangilia kaboni, vinazaliana, vinamaliza naitrojeni iliyokuwepo, kisha vinasimama. Wanga unaweza kuwa bado umejaa mle ndani na hakuna wa kuula. Kokwa, udongo wako una nini? Umeuchukua wapi ndani ya ardhi, juu au chini? Umewahi kukauka hata mara moja?

Weka amonia naitreti kidogo kwenye nusu ya visanduku vyako. Uzito ukianza kushuka tena, hoja yako ya plastiki kususwa itabidi isubiri.

#13 Kokwa_Tupu

Daktari, udongo ni wa juu, tumeuchekecha, unyevu tunaurudishia kwa kupima. Mbolea hatujatia. Hili halikuwa akilini mwa mtu hapa.

#14 Kimeng'enya

Wote mnaongea kana kwamba wanga ni wanga. Wanga uliopita kwenye ekstruda si ule ule ulioko kwenye chembe. Joto na maji vinazivunja chembe, amilosi, ile minyororo nyofu ya wanga, inatoka nje, na baada ya kupoa minyororo inajipanga upya na kutengeneza fuwele. Ndiyo sababu tando za wanga zinakuwa ngumu kadiri zinavyokaa. Amilesi, kimeng'enya cha kukata wanga, inazimeng'enya fuwele hizo polepole sana ukilinganisha na wanga laini.

Halafu ongeza matawi. Amilesi inahitaji nafasi ili ishike glukosi kadhaa kwa pamoja. Ikikuta tawi zito limekaa njiani inakwama. Kwa hiyo mimi nabashiri kilichobaki kwenye kipande cha Kokwa ni mchanganyiko: plastiki, na wanga uliofunikwa na plastiki, na wanga uliojifunga wenyewe. Kipige infraredi. Kwenye mchoro wa mwanga unaonyonywa, kwa kipimo cha mawimbi kwa sentimita, kilele cha esta kiko karibu na 1735, vilele vya wanga viko kati ya 1000 na 1150. Linganisha kabla na baada ya kufukia.

#15 Fundi Ekstruda

Watuhumiwa tulionao hadi sasa: glisiroli imetoroka, wanga umeliwa wote, naitrojeni imekwisha, wanga umejifunga. Uzi una saa chache tu. Kufikia kesho tutamkamata na mizani.

#16 Mpima Mizani

Fundi unatania lakini mizani nayo ina kesi. Nyuzi za kuvu zinaingia kwenye matundu, chembechembe za udongo zinaganda, uzito unaongezeka. Ukiosha kwa nguvu ili uviondoe, unaondoa na vipande vya utando uliolegea. Kipimo cha uzito udongoni ni hasara mbili na faida moja zinazopigana, na wewe unaona jibu moja tu. Mimi mtu akiniletea jedwali la kupungua uzito peke yake sisomi mpaka mwisho.

#17 Chupa Nyekundu

Swali moja kwa Kokwa ambalo naona wote wamelipita. Umesema mnauosha ule unga. Kwa kutumia kitu gani hasa?

#18 Kokwa_Tupu

Maji, kisha ethanoli.

#19 Chupa Nyekundu

Basi hapo pana jambo. Kila ukifanya upandikizaji wa radikali, si kila mnyororo unaota kwenye wanga. Mingine inaota peke yake kwenye maji, inaitwa homopolima. Ethanoli inaondoa monoma iliyobaki, ila poli(methili akrileti) haiyeyuki humo. Asetoni ndiyo inayoiyeyusha. Utaratibu unaojulikana ni kuuweka unga kwenye kifaa cha Soxhlet na kuuchemshia asetoni kwa saa nyingi hadi kisitoke kitu. Kilichotoka ni homopolima, kilichobaki ndicho kilichopandikizwa kweli. Baada ya hapo ukitaka kuyajua matawi, unaula wanga wote kwa asidi na kupima minyororo iliyobaki.

Bila hayo hujui una asilimia ngapi ya upandikizaji. Huenda una mchanganyiko wa kawaida unaojiita pandikizo.

#20 Kokwa_Tupu

Mkuu, asetoni tuliiacha kwa makusudi. Homopolima ikibaki utando unakuwa laini zaidi, na kiwandani hakuna atakayechemsha tani za unga kwenye asetoni. Tunapima kitu kama kitakavyotumika.

#21 Chupa Nyekundu

Kwa kiwanda, sawa. Kwa swali lako la bandiko la kwanza si sawa. Unauliza kilichobaki ni nini wakati hujui kilichoingia ni nini.

#22 Mgeni wa Kemia

Hapo hata mimi wa hesabu za biashara nimeelewa, hahaha. Hufungi hesabu bila salio la kuanzia.

Ila naomba kuuliza, kwa nini methili akrileti? Kuna mdau jirani yangu anasema kwao walitumia stirini.

#23 Fundi Ekstruda

Mgeni unapanda daraja. Ni suala la joto la kulainika. Poli(methili akrileti) inalainika kwenye nyuzi 10 hivi za Selsiasi, kwa hiyo kwenye joto la kawaida ni kama ngozi, inakunjika. Poli(methili methakrileti), ndugu yake aliyeongezewa kikundi kimoja kidogo tu cha methili, inasubiri hadi nyuzi 105 hivi. Polistirini karibu 100. Ukipandikiza hizo mbili unapata kitu kigumu kinachovunjika, kizuri kwa vitu vya kumimina kwenye kalibu, kibaya kwa mfuko. Tena stirini kwa seriamu ni mkaidi, wengi wanaipandikiza kwa mionzi ya gama ya kobalti-60 au kwa persalfeti.

Utando wa wanga na methili akrileti una ubaya wake pia. Ukilowa unalegea. Vuta ukiwa mkavu, vuta ukiwa mbichi, ni vitu viwili tofauti.

#24 Esta Tu

Mimi nawashangaa. Miaka yote hii bado mnagombana na mnyororo wa kaboni wakati dawa iko mezani. Pandikizeni poliesta! Chukua kaprolaktoni, pete yake ifunguke kwa kichocheo cha bati oktoeti, mnyororo uanzie kwenye haidroksili ya wanga wenyewe. Unapata wanga wenye matawi ya polikaprolaktoni. Uti wa mgongo una esta kila baada ya kaboni chache, lipesi na kutinesi, vimeng'enya vya kuvu vya kukata esta, zinaikata bila shida. Ramani Narayan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walilifanyia kazi hili kwa miaka mingi, tena ndani ya ekstruda, tendo la dakika badala ya saa.

Hapo swali la nani kaliwa na nani kabaki halipo. Wote wanaliwa.

#25 Fundi Ekstruda

Esta Tu, umeruka sehemu inayotutoa jasho. Wanga uliokaa hewani una unyevu wa zaidi ya asilimia 10. Maji nayo yana haidroksili, nayo yanafungua pete. Usipokausha wanga kwa kumaanisha, kaprolaktoni yako inaanzia kwenye maji, unapata homopolima fupi fupi na wanga uliokaa kando unawatazama. Kukausha wanga hadi mwisho bila kuuunguza ni kazi, muulize aliyejaribu.

Na polikaprolaktoni inayeyuka kwenye nyuzi 60. Kikombe cha chai ya moto usikiwaze.

#26 Bibi Molekuli

Na PLA, plastiki ya asidi ya laktiki ambayo wengi wataileta sasa hivi, nayo inayeyuka juu zaidi, karibu 150 hadi 170, lakini udongoni kwenye joto la kawaida inakaa muda mrefu sana. Inahitaji mboji ya kiwandani yenye joto la karibu nyuzi 58, ambalo liko jirani na joto lake la kulainika. Chini ya hapo minyororo imekaza, maji yanaikata polepole mno. Kuwa na esta ni sharti la mwanzo, halitoshi peke yake.

#27 Kimeng'enya

Bibi, kuna jambo la bandiko #11 nataka nilikatae. Umesema mnyororo wa kaboni tupu hauna pa kushikia. Polivinili alkoholi je? Uti wa mgongo wake ni kaboni kwa kaboni na bado kuna bakteria wanaoila, Wajapani walishaonyesha hilo miaka ya 1970 kwa Pseudomonas. Kila baada ya kaboni moja kuna haidroksili, kimeng'enya kinaioksidisha kuwa ketoni, kisha kinakata katikati. Ukitaka wanga wenye matawi hayo unapandikiza vinili aseteti halafu unaondoa aseteti kwa alkali, maana monoma ya vinili alkoholi yenyewe haikai, inageuka asetaldehidi.

Kwa hiyo tusiseme "kaboni tupu" kama hukumu. Tuseme kimeandikwa nini juu ya kaboni hiyo.

#28 Bibi Molekuli

Nakupa hiyo, kwa masharti. Wanaoila polivinili alkoholi ni wachache na wamezoea, wengi wamepatikana kwenye majitaka ya viwanda vinavyoitumia. Ukiiweka kwenye udongo wa kawaida inaweza kukaa muda mrefu bila kuguswa. Na haidroksili yake haimsaidii Kokwa, matawi yake hayana kitu cha namna hiyo.

#29 Kimeng'enya

Na akrileti fupi? Asidi ya poliakriliki ya molekuli ndogo huliwa kiasi. Hata hidrokaboni nyofu zenye kaboni thelathini hivi vijidudu vinazitafuna. Upandikizaji ukifanywa uwe na matawi mengi mafupi badala ya machache marefu, wanga ukiliwa vinabaki vijiti vifupi.

#30 Bibi Molekuli

Tatizo ukifupisha matawi hadi yaweze kuliwa, utando haupo tena. Nguvu inatoka kwenye urefu. Ndipo tulipokwama wote tangu enzi za Peoria.

#31 Simba wa Retorti

Mimi naona mnazunguka. Wanga ukiliwa, utando ukavunjika vipande visivyoonekana, tatizo la takataka limekwisha. Nani atakwenda kutafuta vumbi?

#32 Daktari wa Udongo

Minyoo, mizizi na maji watalikuta hilo vumbi bila kulitafuta, Simba. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku plastiki za kuoksidika kwa agizo lake la mwaka 2019, namba 904, kwa hofu hiyo hiyo: zinavunjika vipande, haziliwi. Zile zilikuwa polietilini iliyotiwa chumvi za metali, hapa tuna wanga, lakini swali la kilichobaki baada ya kuvunjika ni lile lile.

#33 mtazamaji88

Sasa mfuko ukiandikwa "unaoza" mnunuzi ashike lipi?

#34 Mzee wa Flaski

Atazame kiwango kilichotajwa, sio jani la kijani lililochorwa. Kwa mfano EN 13432 ya Ulaya inataka asilimia 90 ya kaboni igeuke kaboni dayoksaidi ndani ya miezi 6, kwenye mboji yenye joto la karibu nyuzi 58, na baada ya wiki 12 kisibaki zaidi ya asilimia 10 kwenye chekeche ya milimita 2. Hapo utando wa Kokwa, matawi yakiwa nusu ya uzito na yasiliwe, haufiki hata ukiomba. Ila kumbuka kiwango hicho ni cha mboji ya kiwandani. Kufaulu kwenye nyuzi 58 hakukuambii kitu kuhusu ziwani.

Marekani nao walilazimika kuingilia mapema. Tume yao ya Biashara ilitoa mwongozo wa madai ya mazingira mwaka 1992, baada ya zile mifuko ambazo Bibi amezitaja.

#35 Esta Tu

"Ile mifuko", mzee wangu. Tumeshapatana kwenye kemia, tusiharibu kwenye ngeli.

#36 Mzee wa Flaski

Nimekusikia, mwalimu.

#37 Jaribu Nyumbani

Wakuu nimevutiwa. Hii methili akrileti inapatikana wapi? Nataka kujaribu nyumbani mwishoni mwa wiki.

#38 Chupa Nyekundu

USIFANYE HIVYO. Methili akrileti mvuke wake unatoa machozi na kuchoma koo, unawaka moto kirahisi, na ni sumu. Akrilonitraili ni mbaya zaidi, inahusishwa na saratani. Hiyo ni kazi ya chumba chenye kivuta hewa na mtu anayejua anachofanya. Ukitaka kucheza, pika wanga na maji na glisiroli, mimina juu ya kioo, acha ukauke. Ni utando wa wanga mtupu, utakuwa mzuri leo na mgumu mwezi ujao, na hapo utaelewa kwa nini watu walianza kupandikiza.

#39 Jaribu Nyumbani

Duh. Haya, glisiroli basi.

#40 Mpima Mizani

Turudi kwa Kokwa. Mnaweza kubishana hadi mwaka ujao, wenzetu wameshaacha mizani siku nyingi. Fuata kaboni. Mwaka 2018 watafiti wa Zürich walitengeneza PBAT, aina ya poliesta inayooza, yenye kaboni-13, yaani kaboni nzito kidogo inayoweza kufuatiliwa, wakaiweka udongoni, wakaikuta kaboni hiyo kwenye kaboni dayoksaidi na ndani ya miili ya vijidudu vyenyewe. Hakuna wa kuwaambia ni glisiroli. Kokwa, monoma yenye kaboni-13 kwenye kikundi cha pembeni haitoshi, maana kile kinakatika kirahisi. Iwe kwenye uti wa mgongo.

#41 Kokwa_Tupu

Bajeti yetu haijawahi kukutana na kaboni-13, mkuu. Kuna njia ya watu wa kawaida?

#42 Daktari wa Udongo

Ipo. Chupa zenye vifuniko visivyopitisha hewa, ndani udongo na kipande, pembeni kikombe kidogo cha potasiamu haidroksaidi kinachonasa kaboni dayoksaidi. Unatitireti kila baada ya muda. Weka chupa za udongo mtupu ili utoe pumzi ya udongo wenyewe. Weka chupa za wanga mtupu, za poli(methili akrileti) mtupu, na za glisiroli peke yake. Nusu ya kila kundi tia naitrojeni. Na lazima uwe na selulosi.

#43 Mgeni wa Kemia

Selulosi ya nini tena?

#44 Daktari wa Udongo

Ya kupima udongo wenyewe. Kwenye jaribio la mboji la ISO 14855 selulosi isipofika asilimia 70 ya kuoza ndani ya siku 45, jaribio zima linatupwa. Udongo wa kawaida ni mpole zaidi, usitegemee kasi hiyo, lakini kama hata selulosi haiguswi basi vijidudu vyako vimelala na utando hauna kosa.

#45 Kokwa_Tupu

Nimechapisha bandiko #42 na kulibandika ukutani. Msimamizi amelisoma, akauliza huyu daktari ni nani na kwa nini hayupo kwenye mradi wetu. Asetoni nayo tunaileta, Chupa Nyekundu, kwa kundi moja tu, ili tulinganishe lenye homopolima na lisilo nayo.

#46 Kimeng'enya

Na kabla hamjafunga chupa, sehemu ya vipande vipitisheni kwenye amilesi. Kama wanga wote utatoka kwa amilesi lakini udongoni umebaki, Daktari ana hoja na naitrojeni yake. Kama hata amilesi inakwama, basi ni fuwele na matawi, kama nilivyosema.

#47 Bibi Molekuli

Au amilesi imeshindwa kupenya utando tu, bila fuwele wala tawi kuhusika. Usage kwanza.

#48 Kimeng'enya

Ukiusaga umebadilisha kitu unachokipima, Bibi. Udongo haukusaga.